Fimbo Isiyo na Herufi

Tak.

Sauti ilipenya mlango wa chumba cha upasuaji, ndogo na kavu, kama kidole kilichovunjika.

Jicho aliganda, mkono ukiwa juu ya kitasa.

Tak.

Ya pili. Msomaji, hapo ndipo tulipomwacha, pumzi zimemwishia na uso umemwiva kwa hofu. Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa sukari kabla hujalisoma, pata haya kwa ufupi, kisha tukimbie.

Jicho ni fundi wa vyombo. Kazi yake ni kuosha, kupanga na kupika kwa mvuke kila kinachoingia mwilini mwa mgonjwa. Jina lake halisi limesahaulika. Wanamwita Jicho tangu siku alipogundua mkasi mmoja umepungua kati ya vyombo mia mbili, akawang'ang'ania madaktari mpaka wakamfungua tena mzee mmoja tumbo. Mkasi ulikuwamo.

Aliyelala mezani leo, kifudifudi, mgongo wazi, ni mdogo wake wa mwisho, mshona nguo, ambaye nyumbani huitwa Kitinda. Pingili moja ya uti wake imeteleza mbele ya mwenzake. Kwa miaka miwili ameshona magauni ya watu huku akiuma kitambaa ili asipige kelele.

Leo pingili hizo mbili zinafungwa pamoja ziote kuwa mfupa mmoja. Katikati kimewekwa kizimba kidogo cha plastiki ngumu, kimejazwa chembe za mfupa wake mwenyewe. Nyuma kuna skrubu nne za titani, na fimbo mbili nyembamba kama penseli, zinazozishika skrubu zisicheze mpaka mfupa uote.

Ila Kitinda ana shida yake. Zamani alivunjika mkono, akawekewa bamba la feleji, kile chuma cheupe kisichoshika kutu. Ndani ya feleji mna nikeli, na mwili wa Kitinda hautaki hata kuisikia. Kidonda kilitoa maji miezi saba, hadi bamba lilipong'olewa. Ndiyo maana juu ya faili lake wameandika kwa wino mwekundu: TITANI TU.

Na nusu saa iliyopita, Jicho akipanga trei ya zamani ya feleji, alikuta mkia mmoja haupo.

Mkia ni nini? Fimbo mpya huja ndefu, daktari akakata kipande anachotaka. Kinachobaki hakitupwi. Huoshwa, kikarudi kwenye trei yake kungoja mgongo mwingine. Hicho ndicho wanachokiita mkia. Sasa tega sikio: kiwanda huchonga herufi za metali kwenye ncha moja tu ya fimbo. Ncha hiyo ikienda na mgonjwa, mkia hubaki bubu. Hauna jina.

Jumanne Jicho aliosha trei mbili katika beseni moja. Chini ya maji ulibaki mkia bubu mmoja. Akautazama, akauona umefifia kama titani, akaulaza kwenye trei ya titani. Jicho yule yule wa mkasi!

Tak.

Ya tatu. Kila tak ni kifungio kimoja kikibana fimbo kwenye kichwa cha skrubu, na vifungio vilikuwa vinne tu.

Jicho aliusukuma mlango kwa bega.

"Daktari, usikaze!"

Watu wote wa chumba kile waligeuka, isipokuwa aliyelala na daktari bingwa. Daktari bingwa hakuinua kichwa. Hospitali nzima humwita Radi, kwa siri, tena kwa kunong'ona. Spana ilikuwa mkononi mwake, juu ya kifungio cha nne.

"Nani kafungua mlango wangu?" aliuliza taratibu, na utaratibu ule ulitisha kuliko kelele. "Hapa ni gulioni?"

"Ni mimi, daktari. Fundi wa vyombo."

"Fundi wa vyombo ana vyombo vyake. Nenda kaviimbie."

"Fimbo iliyomo humo huenda ni ya feleji."

Spana ilisimama.

Daktari wa usingizi, mtu wa mizaha aliyekaa kichwani pa mgonjwa, alicheka kidogo. "Dada Jicho, leo umeamkia upande gani wa kitanda?"

"Upande mbaya, daktari. Nisikilizeni. Mkia mmoja wa feleji umepotea. Nadhani niliuweka mimi kwenye trei hii. Nadhani mmeshautumia."

"Unadhani," alisema Radi.

"Nadhani."

"Ndugu yako akilala hapa, akili inakuruka. Ndiyo maana sipendi jamaa wa mgonjwa karibu na kazi yangu." Akamgeukia nesi anayempa vyombo. "Mama Pacha, hebu mtulize. Mkia ulikuwa na herufi?"

Mama Pacha, mwanamke mnene wa mikono myepesi, aliinamia trei. Akainua kipande kifupi kwa koleo, akakipeleka kwenye taa.

"Herufi hizi hapa. Titani, daktari. Imeandikwa wazi."

Chumba kikashusha pumzi. Radi akaiinua spana tena.

"Umesikia? Herufi hizo. Sasa ondoka kabla sijakuandikia barua."

Jicho aliamini, akafurahi. Alikwishageuka kuondoka. Alikwishagusa mlango. Ndipo wazo likamchoma kama sindano ya cherehani.

"Mama Pacha," aliita. "Hicho chenye herufi bado kiko kwenye trei?"

"Si unakiona?"

"Basi kilichomo mgongoni mwa mdogo wangu ni kipi?"

Mashine ya kupumulia ilivuta, ikatoa. Ikavuta, ikatoa.

Mama Pacha alikilaza kipande kwenye trei.

"Hiki kilikuwa kifupi," alisema polepole. "Daktari alisema, nipe mrefu. Nikampa ule mrefu. Akaukata katikati. Upande huu nusu, upande ule nusu."

"Ule mrefu ulikuwa na herufi?"

"Sikutazama, mwenzangu. Umetoka kwako. Kitu kikitoka kwako huwa sitazami."

Neno hilo lilimwingia Jicho kuliko tusi.

"Subirini, jamani," alisema daktari wa usingizi. Mizaha ilikuwa imemtoka. "Alipokata, si kuna kichembe kilidondokea kwenye bakuli la takataka? Tukipime kwa sumaku."

Akanyofoa sumaku inayoshika ratiba ubaoni, akaisogeza kwenye bakuli. Kichembe kilikuwa kidogo kama punje ya mchele. Wote walikodoa macho.

Kichembe hakikutikisika.

"Haleluya!" alisema daktari wa usingizi. "Si chuma!"

"Bado huenda ni chuma," alisema Jicho.

"Dada, sumaku imekataa!"

"Feleji ya kuwekwa mwilini hutengenezwa isishikwe na sumaku. Titani nayo haishikwi. Sumaku haitatuambia kitu hapa."

Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi pale, Jicho aliona jasho likitokeza juu ya barakoa ya Radi.

"Leteni eksirei," alisema Radi.

Wakaisukuma mashine yenye mkono wa nusu duara, ikalala juu ya mgongo wa Kitinda. Taa zikapunguzwa. Kwenye kioo cha mashine ile metali huonekana nyeusi, na kadiri metali inavyokuwa nzito ndivyo weusi wake unavyokolea. Titani ni nyepesi, karibu nusu ya feleji kwa uzito. Hilo kila aliyekuwamo alilijua.

Picha ikatokea.

Kizimba cha plastiki hakikuonekana, isipokuwa vidoa vyake vitatu vya alama, kama nyota ndogo. Skrubu nne zilionekana, kijivu kilichoiva, meno yake yakihesabika. Na juu ya vichwa vya skrubu zimelala fimbo mbili.

Zilikuwa nyembamba kuliko skrubu. Zilikuwa nyeusi kuliko skrubu. Nyeusi kama zimechorwa kwa mkaa.

"Mungu wangu," alinong'ona Mama Pacha. "Zote mbili."

Hebu fikiri, msomaji. Fimbo mbili zenye nikeli ndani ya mwili usiotaka nikeli. Na si hilo tu. Feleji ikigusana na titani ndani ya maji ya mwili, ambayo yana chumvi kama machozi, metali hizo huanza kulana. Nyama inayozizunguka hugeuka nyeusi. Skrubu hulegea. Usiku mmoja mgonjwa anajigeuza kitandani, anasikia mgongoni kitu kimekatika.

Radi aliitua spana mezani kwa upole wa ajabu.

"Utaandika barua wewe," alimwambia Jicho. "Utaandika kila kitu. Jumanne, beseni, kila kitu. Na hutagusa tena chombo katika hospitali hii."

"Nitaandika. Kwanza mtoe."

"Na mimi nitaandika yangu," alisema Mama Pacha ghafla. Hakuna aliyewahi kumsikia akimkatiza Radi. "Niandike pia nani alisema mikia isitupwe? Tulikuuliza, daktari. Tulikuuliza mbele ya mashahidi, mkia usio na herufi tuufanye nini. Ukasema, metali ni metali, rudisheni kwenye trei."

Radi alimtazama. Mama Pacha akamtazama vile vile.

"Mkimaliza kugombana," alisema daktari wa usingizi, "mgonjwa ameshalala kifudifudi saa tatu na presha yake inanichezea. Semeni mnafanya nini."

Radi alifumba macho, akayafumbua. Alipozungumza, alizungumza kama fundi, si kama radi.

"Tunazitoa. Vifungio vilivyokazwa tunavitupa, meno yake yameshalika. Vipya vimebaki vingapi?"

"Sita," alisema Mama Pacha.

"Nahitaji vinne. Nikikosea tena havitatosha. Huo mkia wenye herufi unatosha upande mmoja. Upande wa pili sina kitu."

"Ukiufunga upande mmoja tu?" aliuliza Jicho.

"Utakuwa mlango wenye bawaba moja. Akikohoa tu, utang'oka."

"Ukimfunga leo, umfungue kesho?"

"Kumfungua mara mbili ni kuwakaribisha vijidudu mara mbili." Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayekiri jambo: "Iko fimbo moja ya titani. Nzima. Iko ofisini kwangu."

"Ofisini?"

"Muuzaji aliniachia kama sampuli. Naitumia kukandamiza karatasi mezani, zisipeperuke."

Mama Pacha alitaka kucheka, ikatoka kwikwi.

"Ina vumbi la mwaka mzima," alisema Radi. "Itataka kuoshwa na kupikwa. Una dakika ngapi?" alimuuliza daktari wa usingizi.

"Naweza kumshikilia hivi dakika hamsini. Hamsini na moja usiniulize."

Jicho hakusikia mengine. Alikwishaanza kukimbia.

Ofisi ya Radi ilikuwa wazi. Karatasi zilipeperuka alipoinyanyua fimbo, akazikanyaga akitoka. Fimbo ilikuwa nyepesi. Ilikuwa nyepesi kweli, au mkono ulitaka iwe nyepesi? Aliitazama ile ncha iliyochongwa. Herufi zilikuwapo. Akazisoma. Akazisoma tena. Mara ya tatu zikaanza kuogelea.

Jicho la Jicho lilikuwa limepoteza imani na Jicho.

Kwenye kona ya korido akamgonga mtu kifua kwa kifua.

"Wee! Taratibu!"

Alikuwa mama yao. Tangu asubuhi alikuwa ameketi kwenye benchi la korido; sasa alikuwa amesimama, kanga imefungwa kiunoni kama mtu anayengoja kupigana.

"Kitinda katoka?"

"Bado, mama."

"Mbona unakimbia na chuma?"

Jicho angeweza kusema uongo. Ulikuwa mdomoni, tayari, mtamu: kila kitu sawa, mama, ni kawaida ya kazi. Badala yake akanyoosha mkono.

"Mama, nisomee hizi herufi."

"Nini?"

"Nisomee. Moja moja. Macho yangu siyaamini."

Mama alitoa miwani kifuani, akaivaa, akaisogeza fimbo karibu na pua. "Vitu vyenyewe vidogo kama mayai ya chawa! Haya. T. I. Halafu sita."

"Una hakika? T, I, ya titani?"

"Nimefundisha darasa la kwanza miaka ishirini na sita, leo unanifundisha T wewe? T. I. Sita." Akamshika mwanawe kiwiko kabla hajachomoka. "Sasa niambie. Kitinda ana nini?"

"Amewekewa fimbo si yake. Ya feleji. Kama ile ya mkono."

Miwani ilianguka, ikaning'inia kwa kamba yake.

"Nani kafanya hivyo?"

"Mimi."

Mama hakumpiga. Jicho angependa apigwe.

"Jana alikuwa analia kwa woga," alisema mama. "Nilimwambia nini? Nilimwambia, unaogopa nini, kitinda wangu, vyombo vyote vinapita mikononi mwa dada yako. Akalala usingizi."

"Mama, niache nikimbie."

"Kimbia! Mimi nimekushika?" Alikuwa bado ameushika mkono. Aliutazama kama wa mtu mwingine, akauachia.

Wakaenda wote, Jicho mbele, mama nyuma, viatu vikimpigapiga, mpaka chumba cha vyombo. Mama akasimama nje ya dirisha la kupokelea trei. Jicho akaingia ndani.

Brashi. Sabuni. Maji ya moto. Aliisugua fimbo kila upande, ncha kwa ncha, akasuuza, akasugua tena, akaikausha, akailaza kwenye trei ndogo yenye matundu. Hakuna kilichokuwa kwenye beseni isipokuwa fimbo ile. Alilitazama beseni tupu mara mbili.

Saa ya ukutani ilisema zimebaki dakika thelathini na nane.

Mtambo wa mvuke ni mzee. Ukifungwa mlango unataka dakika thelathini: kupata moto, kupika, kukausha. Thelathini kamili, haupokei rushwa. Jicho akafunga mlango, akazungusha gurudumu, akabonyeza. Mtambo ukanguruma. Mshale wa kipimo ukaanza kupanda.

"Unapanda?" aliuliza mama kutoka dirishani.

"Unapanda."

Thelathini na sita. Thelathini na nne. Mshale ulikuwa nusu ya safari.

Ssssss.

Mvuke ulichomoza pembeni mwa mlango kama ulimi. Taa nyekundu ikawaka. Mshale ukaanguka hadi chini.

"Nini hicho?" Mama alipiga kioo kwa kiganja. "Nini hicho?"

"Mpira wa mlango umekunjika!"

Aliuzima, akafungua kabla haujapoa, mvuke ukamlamba mikono. Hakusikia maumivu. Akauvuta mpira, akaunyoosha kwenye mfereji wake kwa vidole vilivyoanza kuvimba, akapitisha kitambaa, akafunga, akazungusha gurudumu kwa uzito wa mwili mzima, akabonyeza.

Mshale ulikataa. Ukawaza. Ukaanza upya kutoka sifuri.

Thelathini na moja.

Mtambo unataka thelathini. Korido inataka moja. Hesabu ilikuwa imekaza kama kamba shingoni.

Simu ya ukutani ikalia. Jicho aliinyakua.

"Imefika wapi?" Sauti ya Radi, lakini ngurumo haikuwamo.

"Imeingia sasa hivi, daktari. Mpira ulinikosea. Dakika thelathini."

"Sina thelathini. Presha imeshuka tena. Kafungue. Ifute kwa spiriti, ilete."

"Daktari?"

"Umenisikia. Ifute kwa spiriti, uilete hivyo hivyo. Nitampa dawa za kuua vijidudu. Nafunga na kutoka. Hakuna atakayejua."

Jicho aliutazama mshale. Uliinuka upana wa ukucha. Aliwajua waliowekewa chombo kilichofutwa tu kwa spiriti. Aliwajua, kwa sababu trei zao zilirudi kwake wiki tatu baadaye, zinanuka usaha.

"Anasemaje?" aliuliza mama. Amebandika uso kwenye kioo, pumzi yake imekifanya cheupe.

"Anasema nitoe sasa. Kabla haijaiva."

"Usipotoa?"

"Presha ya Kitinda huenda isingoje."

"Ukitoa?"

"Mgongo utaoza, mama. Taratibu. Ndani."

Kwenye simu Radi alikuwa akiita, fundi, fundi, unanisikia? Mara akanyamaza. Nyuma yake kengele ya mashine ya presha ilianza kulia, tii, tii, tii, na sauti ya daktari wa usingizi ikapaa juu yake: "Nileteeni damu! Damu nyingine, haraka!"

Kelele hizo hata mama alizisikia kupitia kioo. Hakulia.

"Mwanangu," alisema, "wewe ndiye unayejua vyombo. Mimi sijui kitu. Niambie neno moja nilishike."

Jicho alikirudisha kipokeo cha simu ukutani kabla Radi hajaagiza tena. Akauweka mgongo wake kwenye mlango wa mtambo, joto likimpenya, akamtazama mama yake macho kwa macho.

"Nakuahidi, mama, mbele ya Mungu: fimbo hii haitoki humu kabla haijaiva, hata Radi aje auvunje mlango huu, na ikishaiva nitaibeba kwa mikono yangu mpaka kwa Kitinda, nimkute yu hai."